Taa Iliyojiwasha Kabla ya Daraja la Ng'ombe Mmoja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida

Jina: Gabrieli Mughwai
Umri: Miaka 74, kwa hesabu ya marehemu mama
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo, wa Krismasi na Pasaka
Elimu: Darasa la nne. La tano nililichungulia dirishani.
Kazi: Mkulima. Zamani dereva wa malori, miaka 31.
Makazi: Kijiji cha Mungaa
Tarehe: 20/02/2025, kuanzia saa 4:15 asubuhi
Mwandishi: Shahidi mwenyewe, mbele ya Koplo Jesca

Mimi niliyetajwa hapo juu naandika kwa mkono wangu. Koplo Jesca alitaka mimi niseme yeye aandike, kwa sababu mwandiko wangu, kasema, ni kama kuku kapita kwenye unga. Nimekataa. Jana jioni nililetewa maelezo yangu yakiwa tayari yameshachapwa, yamenyooka, yanakosa sahihi tu. Nitayafikia hayo. Kuanzia jana kila neno langu nalitia wino mwenyewe.

Afande ameniambia nitaje niliyoyaona na niliyoyasikia, nisitaje niliyoyawaza. Nimemwambia sawa, mjukuu wangu, ila mzee akikatazwa kuwaza anasinzia. Ameniambia niendelee.

Mnamo tarehe 18/02/2025, siku ya Jumanne, saa 8:30 mchana, nilikuwa nyumbani kwangu Mungaa. Akaja mkwe wangu Clement, mume wa binti yangu Aneth. Wanaishi Singida mjini. Alikuja na gari lake jipya, dogo, jeupe, kunichukua nikakae kwao wiki moja. Nilibeba jogoo mmoja, maana mtu haendi kwa binti yake mikono mitupu. Jogoo tulimfunga miguu tukamweka nyuma.

Kabla ya kuondoka nikaona kioo cha mbele kimejaa vumbi. Dereva wa zamani haondoki na kioo kichafu, hata kama gari si lake. Nikalowesha kitambaa, nikaanza kufuta kutokea upande wa abiria. Clement alikuwa ndani, amewasha injini apate ubaridi, mikono yote miwili iko kwenye simu. Nilipofika juu katikati, pale nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma, waipa zikaruka zenyewe zikanichapa vidole.

Nikamuuliza, "Mkwe, nimekukosea nini?"

Akacheka. Akasema, "Baba, si mimi. Hapo ulipogusa ndipo pana sensa, ni kama jicho la gari. Ikiona maji inafuta yenyewe. Na taa ni hivyo hivyo, ikiona giza inawasha yenyewe. Nimeliweka kwenye oto, mimi sigusi kitu."

Naomba maneno hayo ya mwisho yapigiwe mstari. Afande amesema maelezo ya shahidi hayapigiwi mstari. Nimeshapiga.

Vidole viliniuma, nikakasirika kama mtoto, nikatupa kitambaa. Upande wangu wa kioo ulikuwa umetakata. Upande wa dereva ulibaki na vumbi. Nusu ile ya kioo niliyoiacha ni kosa langu la kwanza, na naliandika kabla sijaandika kosa la mtu mwingine.

Tuliondoka saa 9:25 alasiri.

Sasa nieleze daraja, kwa kuwa atakayesoma jalada hili huenda ni mtu wa lami. Daraja hilo liko kwenye barabara yetu ya vumbi, kilomita kama sita kutoka kwangu, juu ya korongo. Tunaliita Ng'ombe Mmoja. Ng'ombe wawili wakikutana pale, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na ng'ombe hajui rivasi. Magari mawili hayapishani. Kibao hakuna. Sheria ya pale tulijiwekea sisi madereva tangu daraja ni la magogo, na madereva wa leo wanaifuata. Ukifika ukamwona mwenzako ng'ambo, unawasha taa za mbele. Maana yake: nimekuona, pita wewe, mimi nasubiri. Aliyepewa taa anajibu kwa kuwasha na kuzima mara moja, anapita, mnapungiana mikono, mnaulizana hali ya mvua. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuona mtu akawasha taa pale halafu akaingia. Ni kama kumkaribisha mgeni chakula, halafu unanawa wewe unakula, yeye anakuangalia.

Clement hakukulia huku. Mila hiyo alikuwa haijui. Sikumwambia, kwa sababu sikufikiri gari linaweza kumtolea mtu taa bila mwenye gari kupenda. Kwenye malori yetu hata honi ilikuwa inabembelezwa.

Saa 9:40 alasiri tulikaribia daraja. Afande anataka niandike 1540. Nimeandika. Wingu jeusi lilikuwa limesimama mbele yetu, na manyunyu yakaanza, yale ya kuhesabika. Vumbi la upande wa Clement likaloa likawa tope.

Nikamwambia, "Mkwe, washa waipa."

Akasema, "Zinajua zenyewe, Baba."

Basi tukangoja zijue. Tulizingoja kama mkutano wa kijiji unavyomngoja mgeni rasmi. Zilipoamua, zilifuta mara moja tu, zikaona zimemaliza kazi, zikalala. Upande wangu hapakuwa na shida. Upande wake zilitandaza tope kama mtu anayesiliba nyumba. Akainamisha kichwa achungulie chini ya tope. Mguu hakuutoa kwenye mafuta.

Hapo tulikuwa tunaingia penye kivuli. Kabla ya daraja, kwa mtu anayetoka Mungaa, barabara inapita kati ya jiwe kubwa la kushoto na mikuyu ya kulia, na matawi yameegemea jiwe. Siku ya jua pale ni kama jioni. Siku ya wingu ni pango. Tulipoingia tu, niliona mambo mawili kwenye dashibodi. Namba zilififia, na alama ndogo ya kijani yenye umbo la taa ikawaka. Nikainua macho, nikaona mwanga wa taa zetu umepiga kwenye jiwe lililoloa.

Mikono yote miwili ya Clement ilikuwa kwenye usukani. Hilo nalitamka kwa nguvu na kwa faida yake. Hakuwasha taa. Gari liliona giza, likawasha.

Ng'ambo ya daraja, kupitia upande wangu uliotakata, nilikuwa nimeshaiona kenta ya bluu imebeba mizinga ya nyuki ya mbao. Ilikuwa imesimama. Naandika tena, imesimama, magurudumu hayazunguki, na dereva ametoa mkono dirishani kama mtu anayesubiri zamu ya kinyozi. Taa zetu zilipowaka, kenta ikajibu, kuwasha na kuzima mara moja. Ndipo ikaingia darajani, taratibu, mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Nikasema, "Mkwe, simama, umempa taa."

Akasema, "Nani kampa taa?"

Muda tuliotumia kuulizana ulikuwa ni wa breki. Alipoiona kenta, sisi tulikuwa tumeshakanyaga mwanzo wa daraja. Akafunga breki, gari likateleza kwenye tope. Dereva wa kenta alivuta kushoto kwake kutuachia nafasi ambayo haikuwepo. Gurudumu lake la mbele likang'oa kinguzo cha ukingo, sisi tukamgonga ubavuni, taa yetu ya kulia ikavunjika. Kenta ikainama, ikakaa kidogo kama inafikiri, ikalala korongoni kwa ubavu. Kina cha korongo ni kama mita mbili, chini ni mchanga.

Niliteremka korongoni kwa makalio, kwa kuwa magoti yangu hayapokei tena amri. Watu waliokuwa wanapalilia jirani walikuja mbio kusaidia. Walipoona mizinga imetapakaa, wakarudi mbio zaidi. Niliwapigia kelele kwamba mizinga ni mipya, haijawahi kukaliwa hata na nzi. Iliwachukua muda kuniamini, kwa kuwa huko kijijini nina sifa yangu ya utani.

Ndani ya kenta walikuwa wawili. Dereva ni Antipasi, kijana wa Itigi, nilimjua jina siku hiyo. Alikuwa anavuja damu juu ya jicho. Abiria wake ni mama mmoja anaitwa Luciana, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Mkono wake wa kulia ulivunjika kati ya kiwiko na kiganja, niliuona ulivyopinda. Hakulia. Nilipomshika bega aliniuliza mizinga mingapi imepasuka. Nikamwambia michache, mama. Nilidanganya. Huo ndio uongo pekee nitakaoukiri leo, na nilimwambia yeye, sijauandika kwa polisi.

Antipasi alipanda juu, akamfuata Clement, akasema, "Bosi, si umenipa taa?"

Clement akasema, "Taa gani? Mimi sijagusa taa."

Antipasi akanigeukia. "Mzee, na wewe ulikuwemo."

Nikasema, "Nilikuwemo."

Sikuongeza neno. Kwetu mtu na mkwe wake hawabishani mbele za watu. Wakibishana, ukoo mzima unakaa kikao cha kuwapatanisha na mbuzi anachinjwa. Nikaitunza heshima hiyo, nikakaa juu ya jiwe nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la pili. Askari walifika saa 10:50 jioni. Walimwuliza Clement, akajibu vizuri, kwa utulivu, amevaa shati la kupiga pasi. Walimwuliza Antipasi, akajibu huku anajifuta damu, anarudia neno taa, taa, na mwenye gari lililompa taa anaapa hakuwasha. Nani angemwamini? Alipandishwa kwenye gari la polisi. Mama Luciana alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali. Jogoo wangu alijifungua kamba akaingia porini. Simdai mtu jogoo.

Antipasi alipopita mbele yangu kwenda kwenye gari la polisi alinisalimia. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Tangu siku hiyo yuko mahabusu ya kituo hiki, chumba cha tatu kutoka ninapoandika. Naambiwa anashitakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kujeruhi, na kwamba akikutwa na hatia anaweza kufungwa, na leseni inakwenda. Dereva bila leseni ni kama mganga bila wagonjwa, anabaki na mkoba.

Mnamo tarehe 19/02/2025, saa 12:00 jioni, nilikuwa sebuleni kwa Clement, Singida mjini. Tulikuwa tunakula. Clement akaweka karatasi pembeni ya sahani yangu. Imechapwa, ina jina langu juu. Imeandikwa kwamba kenta ilikuja kwa mwendokasi ikaingia darajani bila kusimama, na kwamba gari tulilopanda halikuwasha taa wakati wowote.

Akasema, "Baba, weka sahihi hapo, nitaipeleka mwenyewe. Usihangaike na safari."

Nikasema, "Mbona nimeandika vizuri hivi? Tangu lini mimi nikajua neno mwendokasi?"

"Nimekusaidia lugha."

"Umenisaidia na macho."

Akasema, "Lakini kweli sikuwasha, Baba. Unajua sikuwasha."

Nikasema, "Najua. Na hapa kwenye karatasi umeandika gari halikuwasha. Hayo ni mambo mawili, mkwe."

Ndipo Aneth akasema, na naandika kama alivyosema, "Baba, huyu ni baba wa watoto wangu. Yule wa kenta ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni dereva."

Aneth akaondoa sahani yangu. Nilikuwa bado nina nyama mbili. Mtoto huyo tangu alipojua kusonga ugali hajawahi kunitolea chakula mdomoni. Sikumlaumu, nikaenda kulala. Asubuhi nilitoka kabla hawajaamka, nikatembea mpaka stendi, nikapanda basi kuja hapa. Karatasi ile ninayo, naikabidhi pamoja na maelezo haya. Haina sahihi na haitakuwa nayo.

Sasa Afande ameniuliza jambo la macho, na ana haki. Clement kwenye maelezo yake ameandika kwamba baba mkwe wake ni mzee, ana mtoto wa jicho, haoni mbali. Ni kweli nilikuwa naye. Alitolewa mwaka jana hospitali kule Kiomboi, jicho moja kisha la pili, na Clement mwenyewe ndiye aliyenipeleka na kunirudisha, Mungu ambariki kwa hilo. Nipo hatua sita kutoka kwa Afande. Kifungo cha tatu cha sare yake kimeshonwa kwa uzi mweusi, vingine vyote vina uzi wa rangi ya nguo. Ameangalia. Amekuta hivyo. Aandike mwenyewe kwenye maoni yake kama anaona haya au haoni.

Ameniuliza pia kama nina ugomvi na Clement. Sina. Ananipenda kuliko watoto wangu wa kiume, ambao wananikumbuka wakiishiwa. Wala sina ugomvi na mashine yake. Mimi niliendesha gari ambalo waipa yake ilivutwa kwa kamba na utingo, mvua ya Itigi inapiga, utingo anasinzia. Ningepata hizo za kujifuta ningezipigia magoti. Mashine ile haikukosea. Iliambiwa ikiona giza iwashe, ikawasha. Lakini kwetu ng'ombe wako akiingia shamba la mtu akala uwele, huendi barazani kusema sikumtuma. Ni ng'ombe wako. Alikula akiwa na alama yako kwenye sikio.

Afande amesema hayo ni mawazo, si ushahidi, na ameniomba niyafute. Sifuti. Nimenyamaza juu ya jiwe siku moja, na mtu akalala ndani kwa kunyamaza kwangu. Sasa nikiambiwa nifute hata nukta naona kama narudishwa kwenye lile jiwe.

Ameniambia wakili wa mahakamani ataniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nitamjibu hivi: nilimheshimu mkwe kuliko kweli, nikaaibika, nimekuja kuondoa aibu yangu. Akiniuliza kama naelewa nitakachokivunja nyumbani kwa binti yangu, nitamjibu naelewa kuliko yeye. Wakitaka ukoo ukae, ukae. Mbuzi nitatoa mimi, na mbele ya ukoo nitasema maneno haya haya. Mkwe anaweza kunikatalia hodi. Wajukuu nitawaona kanisani, Pasaka si mbali.

Tena nataka iandikwe kwamba nimeomba gari hilo lipimwe. Limeegeshwa hapo uani kama kielelezo. Taa yake ya kushoto ni nzima. Nimemwambia Afande sihitaji fundi wa kutoka Dodoma wala mtaalamu wa miwani. Nahitaji ufunguo na kitu cha kuzibia lile jicho lake juu ya kioo. Amesema ataniangalia. Nimemwambia aniangalie haraka, mchana ndio huu.

Niliyoyaandika nimeyasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, hadi askari wa kaunta akaniomba nipunguze. Ni kweli tupu kwa ninavyojua, na nikikutwa nimedanganya nifungwe, najua chumba kilipo. Mkono wangu unakomea hapa. Mwenye macho mengine yaliyokuwepo darajani naye aje aandike kwa mkono wake.

Sahihi ya shahidi: G. Mughwai
(na dole gumba pia, wasije wakasema si mimi)

MAONI YA AFISA ALIYESIMAMIA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu kuanzia saa 4:15 hadi saa 6:20 mchana. Shahidi alikuwa na akili timamu. Nilimshauri aondoe sehemu zisizohusu shauri, amekataa. Kuhusu uwezo wake wa kuona, nathibitisha alichokisema juu ya sare yangu. Karatasi iliyochapwa isiyo na sahihi nimeipokea na kuiambatanisha.

Saa 6:35 mchana, kwa idhini ya mkuu wa kituo, nilitoka na shahidi hadi uani penye kielelezo. Bw. Clement, mmiliki, alikuwa amefika kituoni kufuatilia gari lake. Shahidi hakumsalimia hadi Bw. Clement alipomwamkia shikamoo, akaitikia. Nilimwomba Bw. Clement akae kwenye usukani, awashe gari, kisha aweke mikono yote miwili nje ya dirisha. Aliweka. Jua lilikuwa kali, taa zilikuwa zimezimwa. Shahidi aliomba kitu cha kuzibia sensa. Nilichokuwa nacho mkononi ni jalada la kesi hii. Alilichukua, akaliweka juu ya kioo mbele ya kile kioo kidogo cha ndani.

Taa ya kushoto iliwaka. Alama ya kijani ilionekana kwenye dashibodi. Alipoondoa jalada, baada ya muda taa ikazimika. Tulirudia mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Askari wawili walishuhudia.

Shahidi alinirudishia jalada, akaniambia, "Shika, mjukuu wangu, lisipotee."

Bw. Clement alibaki kwenye gari dakika kadhaa, mikono bado iko nje ya dirisha. Kisha ameomba karatasi nyingine ya maelezo na kalamu. Nimempa.

Koplo Jesca
20/02/2025, saa 7:05 mchana